Katamarani ya rimoti ya umeme: mota moja au mbili?

Ukishaona katamarani ya rimoti imekamata mwendo, mitumbwi yake miwili inagusa maji kwa nyuma tu na mkia mrefu wa maji umepanda juu, swali linalomjia kila anayetaka kujenga ya kwake ni lile lile, niweke mota moja au mbili. Na wengi wakiuliza tayari wana jibu kichwani, wanataka mbili, wanatafuta tu mtu wa kuwaambia sawa endelea. Mi nasema mapema ili ujue naegemea wapi: kwa boti isiyofika mita moja, na kama ndo unajenga ya kwanza mwenyewe, chukua moja. Mbili zina mambo yake ambayo moja haikupi hata uibembeleze vipi, ila mambo hayo sio spidi, na hapo ndo watu wengi wanajidanganya.

Hapa naongelea ganda la sentimita 70 mpaka 100 hivi, mota ya brashlesi (isiyo na brashi ndani) inayopozwa na maji, betri za lipo (lithiamu polima), na propela inayofanya kazi nusu ndani ya maji nusu nje. Vile vya kuchezea watoto kwenye karai havimo.

Kwa muonekano tofauti ni ndogo. Ya mota moja, propela inakaa katikati nyuma ya uwazi unaotenganisha mitumbwi, na usukani umesogezwa pembeni yake, mara nyingi kulia, kwa sababu mbio nyingi za boti hizi zinakata kona kuelekea kulia. Ya mota mbili, kila mtumbwi una shafti yake na propela yake, usukani unakaa katikati. Basi, ndo hivyo tu kwa macho. Ila kila kitu kinachofuata kinatokana na hapo.

Inavyokwenda majini

Propela ya nusu maji ina tabia moja, bapa la juu liko hewani halina kitu cha kushika na la chini linapiga maji, kwa hiyo inatembea kando kidogo kama gurudumu linalokanyaga chini. Ikizunguka kulia ukiitazama kutoka nyuma, tezi (nyuma ya boti) inavutwa kulia na omo (mbele yake) inaelekea kushoto. Juu ya hapo mota ikizungusha shafti kulia boti nayo inataka kujizungusha kushoto, mtumbwi wa kushoto unakandamizwa. Katamarani ni pana kwa hiyo inavumilia hii kuliko boti ya ganda moja, lakini haiishi, utaiona pale unapokanyaga moto kutoka kusimama, boti inaanza kuegemea na kwenda kombo mpaka ikae juu ya maji ndo inanyooka. Dawa yake ni kusawazisha usukani kidogo kwenye rimoti, na betri ya kushoto kuisogeza kulia kidogo tu.

Mbili zikizunguka kinyume, moja kulia moja kushoto, zinafutana. Boti inatoka mnyoofu, inanyanyuka haraka maana propela mbili zinagawana mzigo, na kona za kushoto na kulia zinakuwa sawa. Kwa mtu anayependa kukimbiza boti ndefu na nzito mstari ulionyooka, hapa mbili zimeshinda bila ubishi. Ndo maana nikasema zina mambo yake.

Lakini spidi? Spidi ya juu inatoka kwenye mizunguko na pichi ya propela, basi. Chukua mota ya kv 2000, yaani mizunguko 2,000 kwa dakika kwa kila volti, mpe betri ya 4S, yaani seli nne kwa mfululizo, ambayo ni volti 14.8, unapata mizunguko 29,600. Weka propela ya Octura X442, hiyo ni milimita 42 upana na pichi yake ni mara 1.4 ya upana, yaani milimita 58.8, huo ndo umbali ambao ingesonga kwa mzunguko mmoja kama maji yangekuwa hayatelezi. Zidisha, ni kama mita 1,740 kwa dakika, sawa na kilomita 104 kwa saa kwenye karatasi. Majini mota inashuka mizunguko ikibeba mzigo na propela inateleza, ukitoa asilimia 20 kwa hiyo ya kwanza na 15 kwa ya pili unabaki na 71 hivi, na ukiipata hiyo ujue boti imekaa vizuri. Sasa weka mota mbili za kv ile ile na propela zile zile, hesabu haibadiliki hata nukta. Ulichoongeza ni nguvu ya kusukuma, na nguvu hiyo sehemu yake inaenda kubeba mota ya pili, spidi kontrola ya pili (kile kifaa kinachopimia mota umeme), shafti ya pili na chuma cha pili kinachokokota majini. Kwenye ganda la sentimita 80 faida inaliwa yote. Kwenye ganda la mita 1.2 lenye uzito wa kutosha ndo unaanza kuiona.

4S au 6S

Hili nalo lazima uamue kabla ya kununua mota, na naona watu wanalichukulia poa. Lengo ni kukaa karibu na mizunguko 30,000 bila mzigo, juu kidogo chini kidogo sawa. Kwa 4S ni mota ya kv 2000 hivi, kwa 6S ambayo ni volti 22.2 ni kv 1350 hadi 1400. Kosa la kawaida ni mtu ana mota ya kv 2000 anaona ngoja nichomeke 6S nione, hiyo ni mizunguko 44,400, na mzigo wa propela unapanda kwa mizunguko mara yenyewe mara yenyewe tena. Ukiongeza mizunguko asilimia 10 tu nguvu inayodaiwa inapanda kwa theluthi. Hapo moshi sio ajali, ni hesabu.

Ila ukiwa na mota sahihi, 6S ni bora kuliko 4S kwa kazi ile ile. Wati 1,480 kwa 4S ni ampea 100, kwa 6S ni ampea 67, na joto kwenye nyaya linakwenda na ampea mara yenyewe, kwa hiyo joto linakuwa chini ya nusu. Nyaya, solda, plagi, spidi kontrola, vyote vinapumua. Kwa mota moja kwenye ganda la sentimita 85 kwenda juu mi ningekwenda 6S moja kwa moja kwa kuunganisha betri mbili za 3S kwa mfululizo, moja kila upande wa boti, uzito unajigawa wenyewe. Kwa ganda la 75 kushuka chini, 4S inatosha sana na boti inabaki nyepesi. Kama kuna mpango wa kushindana, kwanza angalia sheria za klabu, chama cha boti za mfano cha Marekani kinachoitwa NAMBA kwa mfano wanagawa madaraja kwa volti, 4S ni P na 6S ni Q, usije kujenga kitu ambacho hakina daraja.

Kwa mbili, kila mota kupewa 4S yake ni mpango wa kawaida. Na hapa kuna mtego, betri moja ikichoka kabla ya nyingine, spidi kontrola yake inakata moto na nyingine inaendelea, boti ikiwa kwenye mwendo inageuka ghafla na kupiga samasoti. Wanaojua wanaunganisha betri za pande zote mbili sambamba ili zishuke pamoja. Tena zile spidi kontrola mbili zikienda kwenye risiva moja (kipokezi cha mawimbi ya rimoti ndani ya boti), ng'oa waya mwekundu wa mojawapo na uufunike, maana zote mbili zikilisha risiva kwa pamoja zinapigana. Na lazima uzifundishe zote mbili kikomo cha rimoti, chini na juu, moja baada ya nyingine kwa rimoti ile ile, la sivyo moja itaanza kuzunguka kabla ya mwenzake.

Shafti

Hapa sina upendeleo, kazi ni ile ile isipokuwa mbili unaifanya mara mbili na ya pili ni kioo cha ya kwanza. Shafti inayopinda ni waya uliosokotwa, na usokotaji wake una upande. Ikizungushwa upande unaotakiwa inajikaza, ikizungushwa kinyume inafumuka ndani ya bomba inamopita, kwa hiyo boti ya mota mbili inahitaji shafti moja ya kawaida na moja iliyosokotwa kinyume, na propela moja ya kulia na moja ya kushoto. Propela ya kushoto haipatikani kwa saizi zote kama ya kulia, na ukiivunja moja unajikuta unatafuta jozi. Kubadilisha mwelekeo wa mota yenyewe ni rahisi, badilishana waya wowote mbili kati ya tatu zake.

Kwa zote mbili, shafti ikikazwa na mzigo inajifupisha. Kwa hiyo pale nyuma kati ya kile chuma kinachobana propela na mwisho wa mguu unaoshika shafti, acha nafasi ya milimita 2 hadi 3. Usipoiacha, shafti ikivuta inabana bushi, inachemka, unaanza kulaumu mota. Grisi ya boti, sio mafuta ya cherehani, na uitoe shafti uipake upya kila baada ya siku ya kukimbiza, ukiiacha na maji ndani ya bomba itaota kutu. Milimita 4 inatosha kwa mota za kipenyo cha 36 kwenye 4S, kwa mota za 40 kwenye 6S nenda 4.76.

Mota na bomba zikae kwenye mstari mmoja. Jaribio langu ni hili, legeza skrubu za kitako cha mota, zungusha shafti kwa vidole, kaza skrubu moja moja huku unaendelea kuzungusha. Ukihisi pameanza kukwama penye skrubu fulani, kitako kimevutwa pembeni, weka kipande chembamba chini yake. Ikizunguka laini skrubu zote zikiwa zimekazwa, ndo gundi ya bomba ipakwe.

Kuiset, na hapa usiwe na haraka

Ukinipa boti ya mota ya kawaida iliyosetiwa vizuri na nyingine ya mota kubwa iliyochomekwa tu, nachukua ya kwanza. Na sababu kubwa ya mi kupendelea mota moja ni kwamba hapa una kitu kimoja cha kurekebisha. Mbili unarekebisha viwili na lazima vifanane mpaka nusu milimita, usipofanya hivyo boti itavuta upande mmoja na hutajua ni mguu gani unaokosea.

Anza na kituo cha uzito. Pima urefu wa ganda, chukua asilimia 30 kutoka tezi, kwa ganda la sentimita 85 ni sentimita 25 na nusu. Weka betri na kila kitu ndani, mfuniko juu, inyanyue kwa vidole viwili pande zote kwenye alama hiyo, ikae sawa. Ikiangukia nyuma sana omo itakuwa nyepesi, na katamarani omo ikiwa nyepesi hewa inayoingia katikati ya mitumbwi inainyanyua yote, inapaa na kudondoka mgongo chini. Tofauti na boti za ganda moja ambazo nyingi zinatengenezwa zijigeuze zenyewe, hii ikilala chali imelala, lazima uifuate. Kwa hiyo anza uzito ukiwa mbele kidogo, betri zifungwe kwa velkro ndefu ili uweze kuzirudisha nyuma sentimita moja moja.

Afu mguu wa propela. Iweke boti juu ya kioo au meza iliyonyooka kabisa, ikikalia sehemu za nyuma za mitumbwi. Kwa kuanzia chini ya mguu kuwe sawa na chini ya mitumbwi na shafti iwe sambamba na meza, isielekee juu wala chini. Hiyo ni sifuri yako, ipige picha. Kuanzia hapo mambo ni haya: ukishusha mguu propela inazama zaidi, inanyanyua tezi na kukandamiza omo, boti inatulia lakini ampea zinapanda na mota inachemka. Ukiupandisha, omo inalegea, mzigo unapungua, spidi inaongezeka, na hatari ya kupaa nayo inaongezeka. Pembe inafanya kazi kwa ukali zaidi, ncha ya propela ikielekea chini inasukuma tezi juu na omo chini, ikielekea juu inafanya kinyume. Badilisha kitu kimoja kwa wakati, milimita moja sio tatu, na usibadilishe propela siku hiyo hiyo unayobadilisha mguu.

Ukiona omo inadunda juu chini juu chini kwenye mstari ulionyooka, kwanza sogeza betri mbele, bado ikidunda shusha ncha ya shafti kidogo. Ukiona maji mengi yanaruka kutoka katikati ya mitumbwi na spidi haipandi, omo iko chini sana, fanya kinyume. Kwenye kona ya kulia tezi ikiteleza nje, angalia usukani kwanza kama una makali na uko wima, afu mapezi ya pembeni kama ganda lako linayo.

Propela yenyewe: za shaba ya berili zinakuja hazijanolewa wala kusawazishwa, zinole kwa msasa wa maji tu na uvae barakoa, vumbi lake ni sumu ya mapafu. Kama hutaki shughuli hiyo chukua za kuchongwa kwa kompyuta zinazokuja tayari. Na usiruke saizi. Kutoka 42 hadi 44 inaonekana kama si kitu, ila kwa mizunguko ile ile nguvu inayodaiwa inakwenda na upana uliozidishwa mara tano, ni ongezeko la robo nzima. Anza na ndogo, kimbiza dakika moja, rudisha, gusa mota, spidi kontrola, plagi na betri. Ukishindwa kuweka kidole kwenye mota sekunde tatu, imezidi nyuzi 60 au zaidi huko, usiongeze kitu. Vikiwa vuguvugu tu una nafasi ya kupanda saizi moja.

Betri usizimalize. Betri ya mAh 5000, yaani ya kutoa ampea 5 kwa saa nzima, ikilipa ampea 60 kwa wastani, asilimia 80 yake ni dakika 4, weka saa ya rimoti ilie kwenye 3. Kikomo cha kukata kiwe volti 3.3 kwa seli hivi, na ukirudi nyumbani zirudishe kwenye 3.8 za kuhifadhi.

Ganda

Fupi tu. Faiba ni chaguo la wengi na mi nakubaliana nao, ni gumu, linashika epoksi, ukilipiga msasa ndani na kulaza kitambaa cha kaboni kwenye sakafu na tezi linakuwa halitikisiki. Angalia tu kwamba kaboni inazuia mawimbi ya gigahezi 2.4, antena itoke nje juu ya mfuniko, na maji nayo yanazuia. Plaiwudi ni raha kwa anayependa kujenga toka mwanzo, ni nyepesi, lakini kila kona lazima ipakwe epoksi ndani na nje, tundu moja la skrubu ulilosahau linanyonya maji mpaka mbao zinavimba. Za plastiki zinazokuja tayari zimefungwa kila kitu sio mbaya kujifunzia kuendesha, tatizo ni kwamba plastiki ile inapinda kwenye mwendo, mguu uliousetia mezani sio mguu ulioko majini, na gundi nyingi haziishiki. Ganda lolote, jaza povu kwenye ncha za mitumbwi. Boti iliyojaa maji bila povu inakwenda chini na betri zake.

Nyaya: za betri ziwe fupi kadiri inavyowezekana, kama kuna umbali wa kuziba uzibe upande wa mota. Nyaya ndefu za betri zinaua kapasita za spidi kontrola. Maji ya kupoza yaingie spidi kontrola kwanza afu mota, au kila kimoja na mrija wake, na tundu la kutokea liwe ubavuni mahali utakapoliona likirusha maji ukiwa ufukweni. Halirushi, rudisha boti.

Sasa nani achukue mbili

Kama ganda lako ni la mita moja na zaidi, uzito wake tayari ni mkubwa, umeshawahi kusetia boti ya mota moja ukajua mguu ukipanda milimita moja kinatokea nini, na unapenda boti inayonyooka kuliko inayokimbia, chukua mbili na utaifurahia. Kama kilichokuvuta ni mlio na mikia miwili ya maji, hiyo nayo ni sababu halali, usiione aibu, ila jipe na bajeti ya vitu viwili viwili na muda wa kuvisawazisha.

Kwa wengine wote: ganda la faiba la sentimita 80 hadi 85, mota moja ya 3674 au 4074 (kipenyo milimita 36 au 40, urefu 74) kutegemea umechagua 4S au 6S, spidi kontrola ya boti ya ampea 180 hata kama hesabu inasema 100, shafti ya saizi inayolingana, propela ya 40 kwa kuanzia. Usinunue ganda la mota moja ukiwa na mpango wa kuligeuza liwe la mbili baadaye, mitumbwi yake mara nyingi ni myembamba nyuma, bomba haliwezi kukaa chini inavyotakiwa, na tezi inakuwa na matundu ya kuziba. Na kwenye rimoti, kabla boti haijagusa maji, zima rimoti huku mota inazunguka taratibu ukiwa umeishika boti mbali na propela, uone kama mota inasimama yenyewe. Isiposimama, rudi kwenye seting'i za risiva, maana boti ya spidi hii ikipoteza mawimbi haitasimama mpaka ikutane na kitu.